Riwaya ya Mtumba, Mapenzi, na Vita Iliyosahau Majina ya Watu

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, Mji Mkongwe uliamka kwa sauti ya mizinga. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliikuta manowari ya Waingereza, Pegasus, imetia nanga bandarini ikifanyiwa matengenezo. Kilichofuata hakikuwa mapambano, kilikuwa kipigo. Baadhi ya mabaharia wa Pegasus wamezikwa Chapwani, kile kisiwa kidogo unachokiona ukiwa ufukweni mjini. Makaburi yao yapo mpaka leo.

Sasa jiulize: Waafrika waliokufa kwenye vita hiyohiyo, makaburi yao yako wapi?

Vita Kuu ya Kwanza huku kwetu ilipiganwa kwa miguu. Magari yalikwama, ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo, kwa hiyo mzigo ukawekwa kichwani kwa mtu. Waingereza peke yao walichukua wapagazi karibu milioni 1, na kwa hesabu zao wenyewe zaidi ya 95,000 walikufa, wengi kwa maradhi na njaa, sio risasi. Ukisema "Kariakoo" ya Dar unawataja hao hao, maana jina limetokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi. Wengi hawakupata hata kibao chenye jina. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikuja kuomba radhi mwaka 2021.

Mwaka huohuo, mtoto wa Unguja akabeba Nobel ya Fasihi. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa 1948 na kuondoka kisiwani akiwa kijana baada ya Mapinduzi ya 1964, alikuwa ametoa riwaya ya Afterlives mwaka 2020. Ukiikuta ya mtumba, jalada limechoka na kona zimekunjwa, usiiache. Ndani yake wale wasiotajwa wamepewa majina.

Yumo Afiya, binti yatima wa mji mmoja wa pwani. Kaka yake, Ilyas, anamfundisha kusoma na kuandika, halafu anaenda kuwapigania Wajerumani. Afiya anabaki kwa watu wanaomtumikisha. Siku wanapojua anaweza kuandika, anapigwa mpaka mkono unavunjika. Kinachomwokoa ni kikaratasi alichoandika mwenyewe kuomba msaada.

Yumo na Hamza, aliyejiunga na askari wa Kijerumani kwa hiari yake na kujuta mapema. Anarudi akichechemea, hana ndugu wala pa kulala. Anapata kazi kwa mfanyabiashara, anapata chumba, na nyumba hiyo ndiyo anayoishi Afiya. Hapo sasa! Hakuna mbwembwe za sinema. Ni macho, salamu, woga, na kikaratasi kingine: Hamza anamtafsiria Afiya shairi la Kijerumani kwa Kiswahili. Lugha aliyoipata kambini, kwa watu waliomtesa, inageuka barua ya mapenzi.

Na Ilyas? Miaka yake ya mwisho inafanana sana na ya mtu wa kweli: Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam 1904, aliyeingia vitani akiwa mtoto upande wa Wajerumani. Alihamia Berlin, akafanya kazi ya uhudumu, akafundisha Kiswahili, akaigiza filamu. Utawala wa Hitler ukamfunga kambi ya Sachsenhausen, akafia humo Novemba 1944. Aliitumikia Ujerumani toka utotoni, na Ujerumani ndiyo iliyomuua.

Ndiyo maana riwaya hii si ya mapenzi tu. Tarehe za vita utazipata darasani. Lakini mtu aliyebeba mzigo, akanusurika, akarudi na kuanza kupenda tena, huyo habari zake zilibaki kwa wazee wa nyumbani, na wazee wanaondoka.

Kwenu je, kuna babu wa babu aliyechukuliwa vitani? Jina lake unalijua?