Uzururaji, Viza na Sheria ya Mwaka 1824

Mwezi Machi alinijia ofisini kijana niliyemfundisha shahada ya kwanza. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma uzamili nchini Uingereza, ufadhili ukiwemo, na mkononi alishika kurasa za fomu ya maombi ya viza alizokwisha kuzichapisha. Baada ya shikamoo na kujuliana hali akaniwekea kidole kwenye swali moja: je, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote la jinai, katika nchi yoyote?

"Mwalimu," akauliza, "ile faini nayo ni jinai?"

Akiwa mwaka wa pili alikamatwa usiku katika msako, akitoka kujisomea kwa mwenzake. Hakuwa na kitambulisho. Asubuhi alifikishwa mahakamani pamoja na wengine, wakasomewa shtaka la uzururaji, na kabla ya hapo mtu mmoja alikwisha kuwanong'oneza kwamba atakayekiri atalipa faini na kurudi nyumbani mchana huohuo, ilhali atakayekana atangoja rumande hadi kesi itakapotajwa tena. Alikuwa na mtihani keshokutwa. Alikiri, wenzake wakamchangia, akalipa, akafanya mtihani.

Nilimjibu kwamba ndiyo, ile ni hukumu ya jinai kama hukumu nyingine yoyote. Alinyamaza kwa muda. Nami nilipobaki peke yangu nilijiuliza swali la mwanahistoria: kosa hili lilitoka wapi hata likamfikia kijana huyu?

Lilitoka hukohuko anakotaka kwenda. Mwaka 1824 Bunge la Uingereza lilitunga Sheria ya Uzururaji. Vita dhidi ya Napoleon vilikuwa vimekwisha miaka michache kabla, askari wengi wameachishwa kazi, na barabara na miji ilikuwa na watu wasio na kazi wala makao. Sheria ile ilifanya kuombaomba na kulala nje kuwa makosa, ikawagawa maskini katika madaraja ya ubaya, kuanzia mvivu asiye na utaratibu hadi ayari asiyerekebika. Haikuhitaji kumwonyesha mtu aliyeibiwa wala aliyepigwa. Hali ya mtuhumiwa yenyewe ilitosha.

Maneno yale yalisafiri na dola. Tanganyika ilipopata Kanuni ya Adhabu mwaka 1930, badala ya ile ya India iliyokuwa ikitumika tangu mwanzo wa utawala wa Kiingereza, madaraja hayo ya Kiingereza yalikuwamo, na wanafunzi wa sheria wanaijua mitaa yake: vifungu vya 176 na 177. Mtu akikutwa barabarani kwa wakati na katika mazingira yanayomfanya afisa ahitimishe kwamba yuko pale kwa nia mbaya, amekwisha kukosa. Mwaka 1944 ikaongezwa sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji "wasiotakiwa", na wengi wakarudishwa vijijini kutoka Dar es Salaam kwa sababu tu hawakuweza kuonyesha kazi. Neno mhuni, ambalo kwa wazee wetu liliweza kumaanisha mtu asiyeoa na hakuna zaidi, likageuka kuwa lugha ya polisi. Jirani zetu wa Kenya walikwisha kuonja la kwao: kipande, karatasi yenye alama za vidole ambayo mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea nayo. Kukutwa bila kipande lilikuwa kosa la jinai. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa manung'uniko makuu ya watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiwe, na ambao walimiminiwa risasi.

Tusiwatupie wakoloni mzigo wote. Sisi wenyewe tulikuwa na Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, na walioishi Dar es Salaam wakati huo wanakumbuka jinsi watu walivyokusanywa mitaani kupelekwa mashambani. Nchi huru ilikirithi kisu hiki ikakinoa.

Lengo la sheria hizi zote lilikuwa kumzuia maskini asitembee: asitoke kijijini, asikae mjini, asionekane usiku. Ndiyo maana naona si ajali kwamba hukumu ya uzururaji inamwandama mtu hadi kwenye dirisha la viza. Inaendelea na kazi iliyotungiwa, ila sasa mpaka umehama kutoka kingo za mji hadi uwanja wa ndege.

Uingereza yenyewe ina huruma kwa wakosaji wadogo. Kwa sheria yake ya mwaka 1974, mtu aliyepewa adhabu nyepesi, muda fulani ukipita bila kosa jingine, hukumu yake huhesabiwa kuwa imekwisha, na kwa kazi nyingi halazimiki kuitaja tena. Lakini tangu mwaka 2012 huruma hiyo haihusu maamuzi ya uhamiaji na uraia. Anayeomba viza hubaki na kosa lake likiwa bichi, hata kama ni la miaka kumi iliyopita. Na mwaka 2022 Bunge lao lilipitisha kifungu cha kuifuta ile sheria ya 1824.

Kuna kisa kimoja ninachopenda kuwasimulia wanafunzi. Mwaka 1968 mwanamuziki John Lennon alikiri mbele ya mahakama ya London kosa la kukutwa na bangi, akatozwa faini ya pauni 150. Miaka minne baadaye serikali ya Marekani ilianza taratibu za kumfukuza nchini kwa hukumu hiyohiyo. Siasa ilikuwamo, maana alikuwa akipinga vita vya Vietnam. Ila namna alivyoshinda ndiyo inayonivutia. Oktoba 1975 mahakama ya rufaa huko New York iliitazama sheria iliyomhukumu, ikaona kwamba ilimtia mtu hatiani hata kama hakujua kuwa ana bangi, ikaamua kwamba hukumu ya namna hiyo haitoshi kumfungia mlango. Majaji hawakuishia kwenye jina la kosa.

Ni nani atakayeutazama hivyo uzururaji? Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, imekwisha kufanya hivyo. Desemba 2020, katika maoni iliyoombwa na umoja wa wanasheria wa Afrika, ilisema sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Maoni hayo si hukumu, na afisa wa viza hana wajibu wa kuyasoma. Lakini mwombaji anaweza kumwandikia.

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Kijana alitaka kuandika "Hapana". Rafiki zake walimwambia Waingereza hawatajua. Nilimkataza, kwa kuwa uongo ukigundulika humfungia mtu njia kwa miaka 10, ilhali faini ndogo ikielezwa huachiwa busara ya afisa. Tulikwenda mahakamani mara tatu kutafuta nakala ya hukumu. Mara ya tatu karani, mama mmoja mstahimilivu, alitoka na jalada jembamba. Shtaka la watu wote wale lilikuwa la sentensi moja, na majina yalifuatana chini yake kama mahudhurio ya darasa. Jina la kijana wangu lilikosewa herufi moja, ikabidi tule kiapo kwamba ndiye yeye.

Akaandika "Ndiyo", akaambatisha nakala, kiapo na barua ya ukurasa mmoja. Masomo yanaanza Septemba. Viza haijatoka.