Mwalimu na Riziki Yake



Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alinijia kijana niliyemsomesha tangu alifu kwa kijiti mpaka akahitimu, kisha akaendelea na nahau na fikihi. Akanibusu mkono, akakaa, akanyamaza kitambo. Halafu akasema, "Maalim, nimekuja kutaka shauri." Amepata kazi mbili kwa pamoja. Moja ni kusomesha madrasa ya mtaani, kwa ada wanayotoa wazazi, nayo kama ujuavyo mwezi huu huja na mwezi wa pili haiji. Ya pili ni kwa mjomba wake Maskati, kuuza dukani vifaa vya magari, na mshahara wake unajulikana. Mama yake ataka aende. Yeye moyo wake uko kwenye kusomesha, walakin ana mchumba, na baba wa mchumba amesema wazi kwamba hamwozi binti yake mwalimu wa chuoni. "Maalim," akaniuliza, "niambie kweli. Kazi hii ina faida?"

Sikumjibu usiku ule. Nilimwambia anijie tena baada ya Ijumaa. Ningeweza kumsomea fadhila za mwenye kusomesha, ambazo sote twazijua, na ambazo hazikosi kutajwa kila inapofunguliwa madrasa mpya. (Na mara nyingi wanaozitaja kwa sauti kubwa ndio ambao ada za watoto wao hazijalipwa. Mwenyezi Mungu anisamehe, lakini ndivyo nilivyoona.) Kijana hakuuliza fadhila, kwani hizo nilimsomesha mimi mwenyewe. Aliuliza atakula nini. Basi nikarejea vitabuni nitazame waliotutangulia walikula nini, na niliyoyakuta napenda nikusimulie na wewe, msomaji, maana yakuhusu kama una mtoto.

Tuanze Madina. Baada ya vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, yaani 624, Waislamu walikuwa na mateka kiasi cha sabini. Wenye mali walijikomboa kwa fedha, na imepokewa kuwa fidia ya tajiri ilifika dirhamu 4,000. Wako waliokuwa hawana fedha lakini wanajua kuandika. Hao Mtume (S.A.W.) aliwakubalia wajikomboe kwa kusomesha: kila mmoja afundishe watoto kumi wa Madina kuandika, wakishajua naye ni huru. Imesemwa kuwa Zaid bin Thabit (R.A.), aliyekuja baadaye kuandika wahyi na kuikusanya Qurani, alijifunza kuandika kwa njia hiyo. Tazama hesabu hiyo vizuri. Walimu wale walikuwa washirikina, waliokuja na panga kuwaua hao hao waliowateka, na pamoja na hayo kazi yao ya kusomesha ilihesabiwa kuwa ni mali ya kumtoa mtu katika kifungo. Hakuna aliyesema kwamba kusomesha ni kazi ya thawabu tu, kwa hivyo haina thamani ya fedha.

Walakin upo upande wa pili, nao haufai kufichwa. Imepokewa kuwa Ubada bin Samit (R.A.) alikuwa akiwasomesha masikini wa Suffa, na mmoja wao akampa upinde kuwa zawadi. Akaona si kitu, atautumia katika jihadi. Alipomuuliza Mtume akaonywa onyo kali. Na hapo hapo imepokewa na Bukhari, kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), kwamba katika vitu vinavyochukuliwa ujira hakuna kinachostahiki zaidi kuliko Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Kwa khabari kama hizi wanavyuoni wakakhitalifiana. Imam Malik na Imam Shafi wakajuzisha mwalimu wa Qurani kulipwa. Imam Abu Hanifa na wenzake wa mwanzo wakakataza. Kisha, msomaji, likatokea jambo ambalo mimi kila nikilisoma hulifikiri sana: wanavyuoni wa Kihanafi waliokuja nyuma wakaiacha kauli ya imamu wao, wakatoa fatwa kwamba yafaa. Sababu waliitaja wenyewe. Zamani walimu walikuwa wakipewa fungu katika Baitul-mali, na watu walikuwa na himaya ya dini yao. Yote mawili yakalegea, na wakaona kwamba mwalimu asipolipwa ataondoka kutafuta riziki, na Qurani itapotea. Watu wazima wenye elimu walibadili fatwa kwa sababu mwalimu ana tumbo.

Na Abu Hanifa mwenyewe aliyekataza alikula nini? Alikuwa mfanyabiashara wa nguo za hariri mjini Kufa, na duka lake lilikuwa mashuhuri. Alisomesha bure kwa kuwa duka lilimlisha. Tena liliwalisha na wengine. Mwanafunzi wake Abu Yusuf alikuwa masikini, watu wa nyumbani kwake wakitaka aache darasa akafanye kazi ya mikono. Abu Hanifa akawa anampa fedha, kila zikikaribia kwisha anampa nyingine, pasina kuombwa. Abu Yusuf huyo ndiye aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu katika zama za Harun al-Rashid. Na Khalifa Mansur alipomtaka Abu Hanifa awe kadhi, alikataa, akafungwa. Mwenye duka lake aweza kumwambia khalifa "sitaki". Asiyekuwa nalo humwia vigumu.

Imam wetu Shafi (R.A.) hakuwa na duka. Alizaliwa Ghaza mwaka 150 wa Hijra, yaani 767, mwaka ule ule aliokufa Abu Hanifa, akakulia Makka yatima, na mama yake hakuwa na cha kumpa mwalimu. Mwalimu yule akaridhika kwamba kijana awe anamshikia nafasi: akiondoka, Shafi ndiye anayewasimamia wenziwe na kuwasomesha. Ikawa hiyo ndiyo ada yake. Jina la mwalimu yule hatulijui. Lau angalisema, "Mama, bila ya ada mtoto arudi nyumbani," sisi watu wa pwani hii sijui leo tungekuwa tunafuata madhehebu gani. Sisemi haya ili wewe msomaji uniletee mtoto wako bila ya kitu ukasema atanishikia nafasi. Mama yule hakuwa nacho kweli.

Baadaye ukaja mtindo wa mwalimu kulishwa na dola. Waziri Nidham al-Mulk alifungua madrasa kubwa mjini Baghdadi mwaka 1067, iliyoitwa kwa jina lake Nidhamiya, ikawekewa wakfu, walimu wakapata mishahara na wanafunzi posho. Mwaka 1091 akawekwa hapo Imam Ghazali, naye bado hajafika miaka arobaini, akawa anasomesha watu 300. Hakuna mwalimu aliyepata cheo kikubwa zaidi wakati ule. Mwaka 1095 aliacha. Alieleza mwenyewe kuwa alijipekua nia akaona anasomesha kwa ajili ya jaha na sifa, ulimi ukamfunga darasani asiweze kutamka, hata chakula kikawa hakipiti. Akatoka akaenda Sham na Baitul-Mukaddas, akakaa miaka katika ibada na uandishi. Watu humsimulia Ghazali wakaishia hapo, wakaona ni hoja ya kuacha kusomesha. Hawasimulii kuwa mwaka 1106 alirudi kusomesha, mjini Nishapur, na kwamba alikufa kwao Tus mwaka 1111 akiwa bado na wanafunzi wake. Kazi ile haikuwa na makosa. Alitaka kujua kwanza anaifanya kwa ajili ya nani.

Sasa njoo kwetu. Unguja ya kiasi cha miaka mia na ushei nyuma ilikuwa na marafiki wawili, Sayyid Ahmad bin Sumet na Sheikh Abdallah Bakathir. Sayyid Ahmad alizaliwa Ngazija mwaka 1861, na katika ujana wake alikuwa nahodha wa jahazi la baba yake. Alipotulia Unguja akawa kadhi, na kwa riziki ya ukadhi akawa anasomesha mpaka kufa kwake. Sheikh Abdallah alikuwa mtu wa Lamu. Yeye maisha yake yalikuwa ni darsa. Akafungua madrasa mtaa wa Ukutani iliyojulikana kwa jina lake. Ilipotokea khitilafu baina ya Waislamu wa Cape Town, kule mwisho wa Afrika, aliyetumwa kwenda kuwasuluhisha, karibu na vita vya 1914, ni huyo mwalimu wa Ukutani. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Aliyesoma kwao alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937. Aliyesoma kwa Sheikh Al-Amin ni Sheikh Muhammad Kasim, naye pia akawa Kadhi Mkuu. Aliyemfuatia yeye, mwaka 1968, ni Sheikh Abdalla Saleh Farsy wa Unguja.

Sheikh Abdalla nataka nikae naye kidogo, maana vijana humjua kwa tafsiri ya Qurani iliyotoka kamili mwaka 1969, wakasahau kazi yake. Alikuwa mwalimu wa skuli. Aliingia katika skuli za serikali katika miaka ya 1930, akawa mkaguzi wa masomo ya dini, kisha mwalimu mkuu, na ukadhi wa Unguja haukumjia mpaka mwaka 1960. Kiasi cha robo ya karne alikula mshahara wa chaki. Na tafsiri ile isomeke vizuri: ni Kiswahili cha mtu aliyezoea kusimama mbele ya watoto wasiofahamu, akarudia kwa maneno mengine mpaka wafahamu.

Lakini si kila mwalimu wa pwani alipata ukadhi wala skuli. Kule Lamu Habib Saleh, aliyetoka Ngazija, alisomesha watumwa na waliokuwa watumwa pamoja na watu wanyonge wa Langoni, wakati wakubwa wa mji wakiona elimu ni ya wangwana peke yao. Walimchukia kwa hilo. Wanyonge wale ndio waliosimama naye, na kiasi cha mwaka 1900 ukasimama Msikiti wa Riyadha, ambao mpaka leo watu hutoka mbali kuja kusoma. Habib Saleh hakuwa na khalifa wala waziri. Alikuwa na mtaa uliomtaka.

Na mwalimu wangu mimi, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa hakupenda kutajwa, alikuwa akishona kofia za viua. Sindano mkononi, kofia gotini, sisi thalathini mbele yake tunasoma kwa kelele kila mtu mahali pake. Ukikosea irabu anakusahihisha bila ya kuinua macho. Kila Alhamisi tulipeleka senti ishirini, tukiziweka pembeni mwa msala wake. Mama yangu siku nyingine alikosa, akanipa kibaba cha mchele nikipeleke kwenye kikapu. Mtoto akihitimu, sinia la pilau na kanzu mpya ya mwalimu. Hakuwa tajiri, ila sikumbuki siku aliyolala na njaa, wala sikumbuki mtu aliyesema hamwozi binti yake. Alioa kwa watu wakubwa.

Mimi mwenyewe nilikula kwa kusomesha dini skuli asubuhi, na chuoni jioni. Mara moja niliacha. Nilikwenda kuwa karani wa mfanyabiashara mmoja, kwa mshahara mara mbili, nikakaa miezi minane. Nilirudi kwa kuwa jioni zilinishinda. Nilikuwa nikipita nyuma ya chuo nikasikia mtoto anakosea, na mimi nina daftari la mizigo kwapani. Sijui kama hiyo ni hoja. Namwambia kijana kama ilivyotokea.

Alirudi Jumamosi. Nikamwambia kwamba katika wote niliowasoma sikumwona mwalimu aliyelishwa na kusomesha kwake peke yake. Huyu alikuwa na hariri, huyu wakfu, huyu ukadhi, huyu sindano, huyu mtaa wenye haya. Kwa hivyo asinitake nimwambie kama kazi ina faida. Atazame upande wake wa pili una nini. Baba yake marehemu aliacha cherehani. Anajua kuitumia, na nguo za skuli hushonwa kila mwaka. Kama hilo halimtoshi, basi aende kwa mjomba wake miaka mitatu, na Maskati ina misikiti yenye darsa jioni, asikose. Na kama atabaki, asiogope kudai ada, kwani wanavyuoni wa madhehebu yake wamejuzisha tangu zamani.

Akaniuliza, "Na baba wa mchumba, Maalim?"

Huyo nilimwendea mwenyewe, jioni ile ile. Alinipokea vizuri, akaagiza kahawa na halua. Tukazungumza habari za mvua na bei ya mchele. Ana watoto watatu wadogo katika madrasa ile ile ambayo kijana ameombwa asomeshe. Nikamuuliza ni nani anayewasomesha watoto wake, na anakula nini. Akanyamaza. Akaita daftari la nyumba, akafungua, akatazama, akafunga. Kisha akaniuliza ada ya tangu Ramadhani imefika kiasi gani. Nikamtajia.