Fahamu Namna Wanafunzi wa Uuguzi Wanavyofundishwa Stadi za Vitendo Kabla ya Kumhudumia Mgonjwa

Na Mwandishi Wetu

Takribani mtoto mmoja kati ya kila kumi wanaozaliwa huhitaji msaada fulani ili aanze kupumua. Wengi huitikia wanapokaushwa vizuri na kusuguliwa mgongo. Wachache hubaki kimya, na hao hutakiwa kupuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika moja haijapita tangu kuzaliwa. Katika mafunzo ya ukunga muda huo huitwa Dakika ya Dhahabu. Ndani yake hakuna nafasi ya kufungua daftari wala ya kumtafuta mkufunzi. Mkunga lazima awe ameshazoea kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo, elimu ya uuguzi na ukunga nchini Tanzania hufuata mitaala inayozingatia umahiri, yaani mwanafunzi hupimwa kwa kile anachoweza kutenda na si kwa anachoweza kuandika pekee. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, linalofanya kazi chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, ndilo linalosajili wanataaluma hao na kuwapa leseni.

Safari ya vitendo huanzia katika chumba cha stadi chuoni. Humo huwekwa kitanda kama cha wodini, sanamu ya mtu mzima, mkono wa plastiki wenye mishipa ya kuchomea sindano, na nyonga ya bandia ya kufundishia kuzalisha. Matumizi ya sanamu si jambo geni katika taaluma hii: tangu mwaka 1911 shule ya wauguzi ya hospitali ya Hartford, Marekani, ilikuwa na mwanasesere wa ukubwa wa mtu mzima aliyepewa jina la Mrs. Chase. Hata hivyo, sanamu peke yake haifundishi. Darasa kubwa likiizunguka meza moja kumtazama mkufunzi, walio nyuma huona migongo ya wenzao tu.

Mojawapo ya mbinu zinazotumika sana kuondoa tatizo hilo ni ile ya hatua nne, iliyoelezwa na daktari wa upasuaji Rodney Peyton wa Uingereza mwaka 1998. Tuchukue mfano wa kuweka kanula ya dripu. Kwanza, mkufunzi hufanya kazi yote kwa mwendo wake wa kawaida bila kusema neno. Pili, huirudia polepole akieleza kila kitendo na sababu yake: kwa nini mkono unaoshwa kabla ya kuvaa glavu, kwa nini ngozi huachwa ikauke baada ya kupakwa dawa. Tatu, mwanafunzi ndiye anayetoa maelekezo, na mkufunzi hutenda kama anavyoelekezwa. Nne, mwanafunzi hutenda mwenyewe huku akitamka kila hatua.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi, ingawa ni rahisi kuirukwa muda unapobana. Mwanafunzi anayelazimika kumwongoza mwalimu wake hugundua palepale kitu alichokuwa anadhani amekielewa. Baada ya hapo wanafunzi hugawanywa katika makundi ya watu wanne au watano. Mmoja hutenda, mwingine hufuatilia orodha ya hatua, mwingine hushika saa, kisha hubadilishana. Zoezi likiisha hukaa pamoja na kujadili kilichokwenda vizuri na kilichokosewa, pasipo kumfedhehesha yeyote.

Je, mazoezi ya aina hiyo yanamfaidi mgonjwa? Jibu lenye mafunzo mengi limetoka katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara. Mwaka 2010 watumishi wa hospitali hiyo walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Walipopimwa baadaye kwa sanamu, walifanya vizuri zaidi kuliko awali. Lakini watafiti walipofuatilia kilichotendeka katika chumba cha kujifungulia, hawakuona mabadiliko katika namna watoto halisi walivyohudumiwa.

Utaratibu ukabadilishwa. Kuanzia mwaka 2011 sanamu ya mtoto iliwekwa karibu na chumba cha kujifungulia, na watumishi wakawa wanafanya mazoezi mafupi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, pamoja na mafunzo ya dakika 40 kila mwezi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha kuwa vifo vya watoto ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa vilipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Tofauti haikuwa kwenye somo, kwa kuwa somo lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni marudio na mahali pa kufanyia zoezi.

Mazoezi hayo ya mara kwa mara baadaye yaliingizwa katika mpango mpana uliohusisha pia vifaa vipya na matumizi ya takwimu, katika vituo 30 vya mikoa mitano. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, vifo vya watoto karibu na wakati wa kuzaliwa katika vituo hivyo vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila watoto 1,000.

Kwa upande wa upimaji, vyuo vingi hutumia mtihani wa vituo, ulioasisiwa na Ronald Harden huko Dundee, Scotland, mwaka 1975. Mwanafunzi hupita kituo kimoja baada ya kingine kwa muda maalumu: hapa anapima shinikizo la damu, pale anafunga kidonda, kwingine anamweleza mama namna ya kumnyonyesha mtoto. Wote hukutana na kazi zilezile na hupimwa kwa orodha moja ya alama.

Mwanafunzi anapofika wodini huendelea kufanya kazi chini ya usimamizi wa muuguzi aliyesajiliwa. Mwananchi anayehudumiwa anapaswa kufahamu kuwa mwanafunzi hutakiwa kujitambulisha, kueleza anachokusudia kufanya na kuomba ridhaa kwanza. Mgonjwa anaweza kukataa, na bado huduma yake ataipata kutoka kwa mtumishi mwingine. Mwenye shaka kuhusu huduma aliyopewa anashauriwa kuanza kwa muuguzi msimamizi wa wodi, kisha uongozi wa kituo. Malalamiko kuhusu mwenendo wa kitaaluma wa muuguzi au mkunga hupokelewa na Baraza.