Kupanga, Kutenga na Kufuatanisha: Historia Fupi ya Karatasi Zitokazo Mashineni

Watafsiri wa miongozo ya mashine za ofisini hukutana mara nyingi na haja ya kutumia kitenzi kimoja, nacho ni kupanga. Kupanga kurasa, kupanga nakala, kupanga kazi za watu mbalimbali, kupanga karatasi katika trei: yote hayo huelezwa kwa neno hilohilo. Katika mazungumzo neno hili halileti madhara makubwa, kwani msemaji huweza kuonyesha kwa mkono analokusudia. Katika mwongozo ulioandikwa, karani hana mwingine wa kumwuliza ila neno lenyewe. Akilielewa vingine, kumbukumbu za mkutano zitaanzia ukurasa wa mwisho. Nakala 20 za ukurasa wa kwanza zitafuatwa na nakala 20 za ukurasa wa pili. Au barua ya siri ya mtumishi mmoja itachukuliwa pamoja na ripoti ya mtumishi mwingine.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwa njia ya historia kwamba kazi zinazofunikwa na neno kupanga ni nne, na kwamba mashine ilizipokea kutoka mikononi mwa watu moja baada ya nyingine. Tukiufahamu mwendo huo, uteuzi wa istilahi utakuwa mwepesi.

Kabla ya mashine za ofisini, mfuatano wa karatasi ulikuwa tatizo la wanakili na wapiga chapa. Katika miswada ya hati za Kiarabu, mnakili aliandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikitawanyika mwenye kuzikusanya aweze kuzirudisha mahali pake. Wapiga chapa wa Ulaya walitumia neno la namna hiyo, na tena wakatia herufi ndogo chini ya karatasi ya kwanza ya kila kijitabu, A, B, C na kuendelea, kwa ajili ya yule aliyekusanya vijitabu ili vishonwe kuwa kitabu. Yafaa tuzingatie kwamba alama hizo hazikuwa za msomaji. Zilikuwa za mfanyakazi, na kazi yake ilikuwa moja tu: kufuatanisha.

Mashine ya kudurufu kwa stensili iliipeleka kazi hiyo ofisini. David Gestetner, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi zake London, alipata hataza ya chombo chake cha kuandikia stensili mwaka 1881, na mashine zenye jina lake zilienea katika ofisi na shule za nchi nyingi, za kwetu zikiwamo. Serikali ya Tanzania ilipoagiza mwaka 1967 kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli zake, mwaka uleule ambao Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria, stensili ilikuwa miongoni mwa njia kuu za kuzalisha nyaraka ofisini. Mashine hiyo ilitoa nakala zote za ukurasa wa kwanza, kisha nakala zote za ukurasa wa pili. Kwa hiyo marundo yaliwekwa juu ya meza ndefu kwa utaratibu wake, na makarani wakaizunguka meza wakichukua karatasi moja moja kutoka kila rundo hadi waraka ukamilike. Kiswahili kilipata neno kudurufu kwa kazi ya mashine. Kazi ya kuizunguka meza iliendelea kuitwa kupanga.

Kompyuta za kwanza za maofisini zilileta hali tofauti. Printa ya IBM 1403, iliyotolewa mwaka 1959, iliweza kupiga mistari 600 kwa dakika juu ya karatasi ndefu isiyokatwa, iliyokunjwakunjwa na yenye matundu kando. Hapo mfuatano haukuweza kupotea, maana karatasi zenyewe zilikuwa zimeshikana. Lililokuwa gumu ni kumtambua mwenye kazi. Kompyuta moja ilihudumia watu wengi, na kazi zao zilitoka katika mkufu mmoja. Ndipo ilipozoeleka kutanguliza mbele ya kila kazi karatasi yenye jina la mwenyewe kwa herufi kubwa, ili mhudumu ajue pa kuchana na sanduku la kutia. Kazi hii ya pili ni kutenga, na haihusiani hata kidogo na mfuatano wa kurasa. Fungu laweza kuwa limetengwa vizuri na kurasa zake zikawa shaghalabaghala. Kadhalika kurasa zaweza kufuatana barabara zikiwa katika mikono isiyo yake.

Printa ya leza iliyarudisha matatizo yote mawili pamoja. Gary Starkweather alianza kulifanyia kazi wazo hilo katika maabara za Xerox huko Webster, jimbo la New York, mnamo miaka ya mwisho ya 1960. Mwaka 1971 alihamia kituo cha utafiti cha kampuni hiyo huko Palo Alto, California, na huko akakamilisha mashine yake ya kwanza. IBM ilitangaza printa yake ya leza, 3800, mwaka 1975, nayo bado ilitumia karatasi isiyokatwa. Xerox 9700 ya mwaka 1977 ilitumia karatasi zilizokatwa tayari, na kutoa kurasa mbili kwa kila sekunde. Tangu hapo kila karatasi ilitoka peke yake, haikushikana na mwenziwe. Mfuatano uliokuwa ukilindwa na karatasi ulibidi ulindwe na trei.

Umuhimu wa jambo hili ulidhihirika pale printa ya leza ilipokuwa ndogo kiasi cha kuwekwa mezani. HP LaserJet ya mwaka 1984, iliyojengwa juu ya mtambo uliotengenezwa na Canon, ilitoa kurasa nane kwa dakika. Karatasi zilitoka upande wenye maandishi ukiwa juu. Ukurasa wa kwanza ulilala kwenye trei, wa pili ukaja juu yake, wa tatu juu ya wa pili. Kazi ilipokwisha ukurasa wa mwisho ndio uliokuwa juu. Mwenye kazi alichukua waraka uliogeuka nyuma mbele, akaupangua karatasi kwa karatasi.

Mtu aweza kuuliza kwa nini mashine haikuanzia ukurasa wa mwisho. Sababu ilikuwa kumbukumbu ya mashine. Ili printa yenyewe ianzie mwisho, ni lazima kwanza iupokee waraka wote na kuuhifadhi. Picha ya ukurasa mmoja mzima, kwa nukta 300 katika kila inchi, huhitaji takriban baiti milioni moja, ilhali LaserJet ya kwanza ilikuwa na kilobaiti 128 tu. Haikuweza kuhifadhi hata picha kamili ya ukurasa mmoja, seuze waraka mzima. Mzigo wa kugeuza mfuatano uliachiwa programu ya kuandikia au mikono ya karani.

LaserJet Series II ya mwaka 1987 ilileta dawa nyepesi kuliko kumbukumbu. Njia ya karatasi ilipindishwa, hata karatasi ikatoka juu ya mashine ikiwa imeinamisha uso wake chini. Ukurasa wa kwanza ulitangulia kulala, uso chini. Wa pili ukaufunika. Na bunda zima lilipoinuliwa na kugeuzwa, ukurasa wa kwanza ulikuwa juu na kurasa zote zimefuatana. Hata hivyo, mlango wa nyuma uliachwa kwa ajili ya bahasha na karatasi nene zisizovumilia kupindishwa, na huko zilitoka uso juu kama zamani. Basi mashine moja ikawa na namna mbili za kutoa, na kila namna ikawa na mfuatano wake. Tangu hapo mwongozo usioweza kuzitaja namna hizo mbili kwa majina yanayopambanuka ulikuwa mwongozo pungufu.

Wataalamu wa mitandao walilazimika kulitambua jambo hilo waziwazi. Printa ilipokuwa mali ya idara nzima, kompyuta ilihitaji kuiuliza jinsi inavyotoa karatasi. Hati nambari 1759 katika mfululizo wa hati za viwango vya Intaneti, ya Machi 1995, iliorodhesha sifa za printa za mtandaoni, na baada yake ikafuata hati nambari 3805 ya mwaka 2004. Humo, mfuatano wa bunda, yaani kutoka wa kwanza hadi wa mwisho au kinyume chake, ni sifa moja. Uelekeo wa uso wa karatasi ni sifa nyingine. Kukamilisha nakala seti kwa seti ni sifa ya tatu, na kusogeza kila bunda kando kidogo ili lisichanganyike na lililo chini yake ni sifa ya nne. Waandishi wa hati hizo hawakutafuta wingi wa maneno kwa kupenda maneno. Kompyuta haioni mkono unaoonyesha, kwa hiyo kila jambo lilihitaji jina lake. Mfasiri naye yumo katika hali hiyohiyo mbele ya msomaji asiyemwona.

Tukirejea Kiswahili, tunaona kwamba akiba ya maneno ipo tayari. Kwa kazi ya kuweka kurasa katika utaratibu wa nambari zake, tunapendekeza kufuatanisha. Nakala zaweza basi kutolewa seti kwa seti, au ukurasa kwa ukurasa, maneno ambayo kila karani huyaelewa bila kufunzwa. Kwa kugawa kazi za watu mbalimbali, tunapendekeza kutenga. Tumeliepuka neno kubagua, ingawa maana yake ya asili ingefaa, kwa kuwa siku hizi limeelemewa na maana ya ubaguzi. Karatasi yenye jina la mwenye kazi yatosha kuitwa karatasi ya utambulisho.

Kwa mkusanyiko wa karatasi katika trei, wengi husema rundo. Lakini rundo ni la vitu vilivyotupwa pamoja, kama takataka au magogo. Noti zilizolala sawasawa huitwa bunda, na hivyo ndivyo trei inavyokusudia karatasi zilale. Kwa hiyo mashine hupanga bunda, na pale inaposogeza mabunda huku na huku, huyapishanisha. Hapo neno kupanga hubaki na kazi moja iliyo yake.

Limebaki suala la uso wa karatasi. Baadhi ya watafsiri husema karatasi iliyofunuliwa na karatasi iliyofunikwa, kama wachezaji wa karata. Tatizo ni kwamba kufunua huwazika pia kuwa kufungua kitabu, na kufunika huhitaji kifuniko. Sisi tunayaelekea maneno mawili ambayo kila mtoto anayajua: chali na kifudifudi. Karatasi itokayo chali imelala na uso wake juu. Itokayo kifudifudi imeuinamisha chini. Kitenzi kufudikiza, kitumikacho kwa bakuli, chaweza kufaa pale karani anapoagizwa kuigeuza karatasi mwenyewe. Yamkini wako watakaopinga kwamba chali ni neno la aliyeangushwa katika mwereka, na kwamba halina heshima ya kitaalamu. Hoja hiyo haitoshi. Neno linaloonyesha hali kwa mkato, lisiloweza kuchanganywa na kinyume chake, ndilo linalofaa istilahi, na heshima hulijia kwa kutumiwa.

Katika ofisi nyingi za leo printa ya pamoja haitoi karatasi mpaka mwenye kazi afike na kujitambulisha kwa kadi au nambari ya siri. Kazi ya kutenga imechukuliwa na mashine kwa sehemu kubwa. Lakini maandishi yanayotokea kwenye kioo chake bado humtaka mtumiaji achague: seti kwa seti au ukurasa kwa ukurasa, chali au kifudifudi, wa kwanza hadi wa mwisho au kinyume. Akiandikiwa kupanga katika kila mahali, hatakuwa amepewa uchaguzi wowote. Tunawaomba watafsiri na walimu wayajaribu maneno haya katika kazi zao na kutuletea maoni, hasa pale ambapo makarani wenyewe wana neno lililo bora zaidi.