Leseni ya kutumia intaneti? Kabla hujajibu, pita Butiama

Pale stendi ya Bunda, dereva wa bodaboda asiye na leseni anajua fika kwamba akikutana na trafiki siku yake imeharibika. Simu iliyo mfukoni mwake haiulizwi kitu. Anaweza kupokea uzushi asubuhi, akausambaza kwenye magrupu matano ya WhatsApp kabla hajapata abiria wa kwanza, na maisha yakaendelea. Ndiyo maana kila taharuki inapozuka mtandaoni, kuna mtu atauliza swali ambalo huenda hata wewe umewahi kujiuliza: kwa nini watu wasipewe leseni kwanza, kama madereva, ndipo waruhusiwe kutumia intaneti?

Swali hili si la kipuuzi. Tena si jipya. Historia imelijibu mara kadhaa, na baadhi ya majibu yako huku huku kwetu.

Tuanze na neno lenyewe. "Leseni" inabeba vitu vitatu tofauti, na ubishi mwingi unatokana na kuvichanganya. Kuna leseni ya ujuzi: umefundishwa, ukapimwa, ukafaulu. Hiyo ndiyo ya udereva, angalau kwenye karatasi. Kuna leseni ya matumizi, ambayo kimsingi ni risiti au kitambulisho: umelipa, au umejulikana. Halafu kuna leseni ya kusema: mtu fulani mwenye mamlaka amekubali kwamba wewe unaruhusiwa kuongea na umma. Wanaodai leseni ya intaneti huwa na ya kwanza kichwani. Sasa hebu tuangalie ni ipi ambayo serikali hutoa kweli.

Mwaka 1922, mwaka uleule aliozaliwa Julius Nyerere pale Butiama, Uingereza ilianza kutoza leseni ya kusikiliza redio, shilingi 10 kwa mwaka. Hakuna msikilizaji aliyepimwa akili wala adabu. Ilikuwa namna ya kupata fedha za kuiendesha BBC. Leseni hiyo ya redio ilifutwa mwaka 1971, wakati redio zilishaenea kwenye magari, jikoni na mifukoni.

Uganda, ng'ambo ya ziwa letu, ilijaribu kitu cha aina hiyo Julai 2018. Ukitaka kuingia WhatsApp, Facebook au Twitter, unalipa kwanza shilingi 200 za Uganda kwa siku. Wengi wakakimbilia VPN. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na kodi ya asilimia 12 kwenye bando. Hapo pia hakuna aliyefundishwa kutofautisha habari na uzushi. Alipungukiwa shilingi 200 tu.

Na sisi je? Januari 20, 2020 ulikuwa mwisho wa kusajili laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Kwa hiyo kama unasoma makala hii kwa laini ya Tanzania, tayari una kitu kinachokaribia leseni: kidole chako. Kinasaidia kumtafuta mhalifu, sikatai. Lakini zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" bado tunazipata, si ndio? Kumjua mtu ni jambo moja, na kumfanya awe mwema ni jambo jingine kabisa.

Inabaki leseni ya tatu, na hapa ndipo penye uzito. England ilikuwa na sheria ya mwaka 1662 iliyotaka maandishi yapate kibali kabla ya kuchapishwa. Ilipoisha muda wake mwaka 1695, Bunge halikuihuisha. Si kwamba Waingereza waliacha kuwaadhibu waandishi, la hasha. Walichoacha ni kumzuia mtu kabla hajasema. Tangu hapo, ukikosea unashtakiwa baada ya kuchapisha, mbele ya mahakama.

Unaweza kuona tofauti hiyo ni ya wanasheria tu. Basi itazame ikifanya kazi kwetu, katika miaka ileile na dhidi ya chama kilekile.

TANU ilizaliwa Julai 7, 1954. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilileta sheria ya vyama iliyotaka matawi yasajiliwe. Usukumani, jirani kabisa na Bunda, matawi ya TANU yakanyimwa usajili, na hali hiyo ikadumu hadi 1958. Hapakuwa na kesi, shahidi wala hakimu. Ilitosha ofisa kusema hapana. Je, watu walinyamaza? Hapana. Maongezi yalihamia kwenye ushirika wa wakulima wa pamba, na mwaka 1958 Geita ikalipuka kwa maandamano dhidi ya utawala. Serikali iliyozuia watu kusema hadharani ilijinyima pia nafasi ya kuwasikia mapema.

Sasa njia ya pili. Mwaka huohuo wa 1958, Nyerere aliandika kwenye Sauti ya TANU, kijarida cha chama kilichotolewa kwa mashine ya kurudufu. Ukitaka kukielewa kwa lugha ya leo, kilikuwa blogu. Makala iliwagusa wakuu wawili wa wilaya, akashtakiwa kwa kashfa. Alitetewa na D. N. Pritt, wakili maarufu kutoka Uingereza, akapatikana na hatia, akapewa kuchagua faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa.

Sheria ile haikuwa ya haki, na simsifu mkoloni. Ila angalia kilichotokea: mashtaka yalisomwa hadharani, utetezi ukasikika, nchi nzima ikafuatilia. Mwandishi alijua amekosea nini machoni pa sheria, na wasomaji walikuwa tayari wamesoma. Kule Usukumani hakukuwa na cha kusoma wala cha kusikiliza. Kati ya njia hizo mbili, ya kibali kabla ndiyo isiyoacha hata ushahidi wa kilichozuiwa.

Kuruka miaka 60 kutoka hapo si kazi ngumu. Machi 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizotaka wenye blogu, majukwaa na redio au televisheni za mtandaoni wapate leseni ya TCRA. Ada ilikuwa hivi: maombi shilingi 100,000, leseni 1,000,000, na ada ya mwaka 1,000,000. Jumla milioni 2.1. Kima cha chini cha mshahara serikalini wakati huo kilikuwa shilingi 300,000 kwa mwezi, kwa hiyo unazungumzia mshahara wa miezi saba. Kuendesha bila leseni, adhabu ilikuwa faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Wanaharakati walikwenda Mahakama Kuu Mtwara, wakapata zuio la muda, likaondolewa. Juni 2018 JamiiForums ilisimama kwa muda, na blogu nyingi ndogo zikafungwa na wenyewe.

Kanuni hizo zilifutwa na kubadilishwa na za 2020, ambazo nazo zimerekebishwa tangu hapo. Lakini swali la msingi liko palepale: je, ada ya milioni 2.1 ilipima nini? Mzushi mwenye fedha angeilipa bila shida. Mwanafunzi anayeandika blogu ya sayansi kama hii asingeweza.

Na hasara si ya waandishi tu. Mkoani Mara kuna kazi ambayo haina uhusiano na siasa za magazeti. Msimu wa ukeketaji unapofika, mara nyingi likizo ya Desemba, mabinti hukimbia, na shirika la Hope for Girls and Women huwapokea kwenye nyumba salama huko Mugumu na wilayani Butiama. Tatizo moja lilikuwa la kawaida tu: gari linakwenda kumwokoa mtoto, na kijiji hakipo kwenye ramani. Kupitia mradi wa Crowd2Map, ulioanza 2015, watu wa kujitolea wamekuwa wakichora barabara na nyumba kwenye ramani huria ya OpenStreetMap kutokana na picha za setilaiti, na wakazi wenye simu janja wakaongeza majina ya vijiji, shule na zahanati. Sasa weka geti hapo. Mwambie mama wa kijijini kwamba kabla ya kuandika jina la kijiji chake mtandaoni, alipe, apimwe, asubiri barua kutoka Musoma. Binti anayekimbia usiku hasubiri barua.

Madhara ya mtandao ni ya kweli, na tuna sheria za kuyashughulikia baada ya kutendeka, ikiwemo ya makosa ya mtandao ya 2015, ambayo nayo inahitaji mjadala wake. Ujuzi pia ni wa lazima. Basi tuufundishe shuleni, bure, kwa kila mtoto, bila kuugeuza kuwa tiketi ya mlangoni.

Ukiniambia bado unataka leseni, nitakuuliza jambo moja: nani atakaa kwenye dirisha la kuitoa? Historia yote niliyokupitisha ni historia ya dirisha hilo. Aliyekaa pale hakuwahi kumuuliza mtu kama anajua kutumia redio, karatasi au simu. Aliuliza amelipa nini, na anataka kusema nini.