Watu wasio na majina waliotufundisha kupasha misuli moto

Leo tunawapumzisha mastaa kidogo. Tunaongelea watu ambao hata ukiwatafuta mtandaoni wiki nzima huwapati. Kuna waliochomwa sindano ya kupima joto ndani ya paja, kuna walioloweshwa kwenye maji ya moto halafu wakapandishwa baiskeli mpaka wakashindwa kabisa. Watafiti wao majina yao yapo, ila wao wamebaki namba tu. Na bado kila ukiona timu inapasha kabla ya mechi, jasho lao limo humo.

Twende Copenhagen, Denmark. Nchi ilikuwa imekaliwa na Wajerumani tangu Aprili 1940, lakini maabara hazikufungwa. Mwaka 1945 watafiti wawili, Erling Asmussen na Ove Bøje, wakachapisha kazi yao kuhusu joto la mwili na uwezo wa kufanya kazi. Waliweka watu kwenye baiskeli ya maabara, ile isiyotembea, wakawapima wakiwa wa baridi na wakiwa wamepashwa. Wengine walipata joto kwa mazoezi, wengine kwa njia nyingine kama maji ya moto. Jibu likatoka: msuli wenye joto unafanya kazi vizuri zaidi.

Sasa hiyo inahusiana vipi na pumzi? Ni hivi mtu wangu. Msuli ukipata joto, damu inaingia kwa wingi na oksijeni inaachia kirahisi kutoka kwenye damu kwenda kwenye msuli. Moyo na mapafu navyo vinakuwa vimeshaamka. Ukiingia wa baridi, dakika za mwanzo mwili unakopa nguvu bila oksijeni ya kutosha, na hilo deni utalilipa tu. Ndiyo maana unamuona mtu dakika ya 10 ameshashika kiuno wakati mechi haijachanganya.

Ila usikimbilie kusema basi tupashe lisaa lizima. Mwaka 1999, hapo hapo Copenhagen, waendesha baiskeli 7 waliingizwa kwenye jaribio la kikatili kidogo. Kabla ya kuanza walikaa majini nusu saa, siku nyingine maji ya baridi, siku nyingine ya moto. Halafu wakakanyaga baiskeli kwenye chumba chenye joto la nyuzi 40. Walioanza na mwili wa nyuzi 36 hivi walidumu wastani wa dakika 63. Walioanza na 37 wakadumu 46. Walioanza na 38 wakaishia dakika 28. Na wote walisimama mwili ukifika nyuzi 40 na kidogo, kama vile kuna refa ndani yao anapuliza filimbi.

Umeona mchezo ulivyo? Msuli unataka joto, lakini mwili mzima una kikomo. Kwenye joto kali, kila nyuzi unayoongeza bila sababu kabla ya mechi unaikata kwenye stamina yako ya kipindi cha pili.

Halafu kuna mapumziko. Zile dakika 15 za kukaa, kunywa maji na kusikiliza kocha akifoka. Mwaka 2004 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kupima joto la paja la wachezaji wakati wa mechi. Waliokaa tu mapumziko yote, misuli yao ilipoa karibu nyuzi 2, na kasi yao kwenye mbio fupi ikashuka kwa asilimia 2.4 kabla kipindi cha pili hakijaanza. Wenzao waliorudi kukimbia kidogo kwa mwendo wa kati, kasi yao haikushuka. Asilimia 2.4 inaonekana ndogo, ila beki anayechelewa hatua moja ndiye anayeonekana kwenye picha ya goli.

Baadaye ikaja programu ya FIFA 11+, iliyotengenezwa 2006: mazoezi 15, dakika 20 hivi, kukimbia, nguvu, balansi, halafu kukimbia tena. Ilijaribiwa Norway kwa mabinti 1,892 wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakatoka 2008. Kwenye timu zilizoifanya, majeraha kwa ujumla yalipungua kwa karibu theluthi moja. Mabinti wale nao hawana majina kwenye karatasi, lakini magoti ya wengi yamepona kwa sababu yao.

Sasa turudi kwetu. Ndondo ya saa 8 mchana Dar, mwezi wa pili, uwanja wa vumbi, kivuli hakuna. Timu nyingi zina mitindo miwili: ama wanafika wamechelewa na kuingia wa baridi, ama kocha anawakimbiza raundi 15 juani ili "wawe fiti". Yote mawili yanaua pumzi. Jua likiwa kali, pasha kwa muda mfupi, tafuta hata kivuli cha mwembe, kunywa maji, maliza karibu na filimbi ili usipoe. Asubuhi ya baridi kule Njombe, ongeza muda. Mapumziko yakikaribia kuisha, inukeni mkimbie kidogo. Na kule kujinyoosha msuli ukishikilia zaidi ya dakika nzima, kuache mpaka baada ya mechi, maana kunapunguza nguvu ya msuli.

Stamina yenyewe inajengwa kwa miezi ya mazoezi. Kupasha vizuri kunakufikisha nayo dakika ya 90, na kupasha vibaya unaiacha pembeni ya uwanja.

Haya wadau, timu yako ya mtaani inapashaje? Dondosha komenti hapo chini, na umtag yule mshkaji ambaye kila mechi anakata pumzi dakika ya 20.