Tabuki: Hekaya na Tarekhe



Kijana mmoja wa darsa yangu hapa Naipingo alinijia amekunja uso. "Maalim," akasema, "tangu utoto nasikia Sayyidna Ali alipambana na majeshi ya Herkal kule Tabuki. Sasa nimesoma sira, sikuona pigano hata moja. Je, na mengine tuliyofundishwa ni hivyo hivyo?"

Swali hili si dogo. Mzee anayemchanganyia mwanawe hekaya na tarekhe humtegea mtego: siku hekaya ikianguka, imani nayo huenda ikatikisika.

Waarabu wana visa virefu vya mashujaa. Antara bin Shaddad alikuwa mshairi wa kweli wa zama za Jahilia, na Seif bin Dhi Yazan mtawala wa kweli wa Yemen. Walakini wasimulizi waliwaongezea majini, wachawi na panga za ajabu. Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 774 Hijria (1373), alivikemea visa vya namna hii kuwa ni uzushi.

Nasi wa pwani tulivipokea. Mwaka 1728 huko Pate, Mwengo wa Athumani alitunga Chuo cha Herkal, kiitwacho pia Utenzi wa Tambuka, chenye beti zaidi ya 1,000. Humo Waislamu wanakwenda kulipiza kifo cha Jaafar bin Abi Talib, aliyeuawa Muta mwaka wa 8 Hijria (629), na vita vikubwa vinawaka. Ni hazina ya lugha yetu, na tuitunze.

Ama tarekhe ni hii. Mwaka wa 9 Hijria (630), wakati wa joto kali na uhaba, Mtume (S.A.W.) alitoka na watu wapatao 30,000. Akakaa Tabuki kiasi cha siku 20, Warumi wasitokee, akarejea Madina.

Je, hapakuwa na shujaa? Alikuwako. Kaab bin Malik alibaki Madina bila ya udhuru. Wanafiki waliobaki walikuja na viapo vya uongo; yeye akasema kweli. Akatengwa siku 50, hata akaamrishwa kukaa mbali na mkewe, mpaka ikashuka aya ya kukubaliwa toba yake na wenzake wawili, katika Suratut-Tawba.

Nikamwambia kijana: utenzi usikilize, usiuache, lakini elimu ya dini ichukue kwenye sira. Nasi wazee tunaposimulia, tutaje wazi ipi hekaya na ipi tarekhe. Mtume (S.A.W.) ametuonya kwa Moto tusimzulie jambo. Vipi tumsifu Mkweli kwa uongo?

Wabillahi tawfiq.